Maji ya Moto kwa Nguvu za Jua: Nani Agharimie Mtambo?

Rwamgasa ni kijiji cha wachimbaji wadogo wa dhahabu katika Mkoa wa Geita. Jua huwaka huko sehemu kubwa ya mwaka. Hata hivyo, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa, maji ya kuogea, ya kunawisha wagonjwa na ya uji wa wanafunzi hupashwa joto kwa kuni na mkaa. Wachimbaji nao huhitaji magogo ya kuzuia kuta za maduara zisiporomoke. Hivyo msitu mmoja hudaiwa na jiko na mgodi kwa pamoja.

Hesabu ya joto

Kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi huhitaji kilojuli 4.2. Ichukuliwe zahanati itumiayo lita 100 kwa siku, zipashwe kutoka digrii 20 hadi 60. Zidisha 4.2 kwa 100, kisha kwa 40: jibu ni kilojuli 16,800, yaani megajuli 16.8.

Kilo moja ya kuni kavu ina takriban megajuli 16. Lakini katika mafiga matatu joto jingi hupotea hewani. Ikiwa asilimia 15 tu huingia majini, kila kilo hutoa megajuli 2.4, na kazi hiyo hula kilo 7 za kuni kwa siku. Kwa mwaka ni zaidi ya tani mbili na nusu.

Jua laweza kufanya kazi hiyo. Sehemu nyingi za Tanzania hupokea kati ya kilowati-saa 4 na 7 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa kilowati-saa 5, mtambo wa mita 2 za mraba unaonasa nusu ya nguvu hizo huvuna kilowati-saa 5, sawa na megajuli 18. Kuni zitabaki kuwa akiba ya siku za mawingu.

Mtambo ulivyo

Bati lililopakwa rangi nyeusi huunganishwa na mabomba na kufunikwa kwa kioo. Mwanga hupita katika kioo na kulipasha bati, na kioo hupunguza joto linalopotea. Maji yaliyopata moto huwa mepesi, hivyo hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililowekwa juu zaidi na kufunikwa vizuri lisipoteze joto. Maji ya baridi hushuka kushika nafasi yake. Hapahitajiwi pampu wala umeme. Ieleweke kwamba maji ya digrii 60 hayatoshi kutakasa vyombo vya upasuaji. Kazi hiyo hutaka mvuke wenye shinikizo, wa digrii 121.

Kikwazo ni bei

Kuni hununuliwa kidogo kidogo, lakini mtambo hudai fedha zote siku ya kwanza. Tunisia ilikabili tatizo hili mwaka 2005 kwa mpango wa PROSOL: serikali ilitoa ruzuku, na mkopo wa benki ukalipwa kupitia ankara ya umeme. Afrika Kusini, kuanzia mwaka 2008, shirika la umeme la Eskom liliwarudishia wanunuzi sehemu ya bei. Kenya ilitumia sheria: kanuni za mwaka 2012 ziliyataka majengo yatumiayo zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku kufunga mitambo ya jua. Njia ya Tunisia haiwezi kuhamishiwa kijijini jinsi ilivyo, kwani anayenunua kuni hana ankara ya kukatiwa mkopo.

Tanzania ina milango yake. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 iliunda Wakala na Mfuko wa Nishati Vijijini. Mwaka 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Mkazo wake ni upishi. Kwa hiyo shule iombayo msaada yapasa kuonyesha ni kiasi gani cha kuni za jikoni huishia katika kupasha maji. Aidha, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 humtaka mwenye haki ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, akikubaliana na halmashauri. Katika Geita yenye migodi, ombi lililopitia Kamati ya Maendeleo ya Kata mapema laweza kuingizwa katika mpango huo.

Rwamgasa si ngeni kwa misaada. Mradi wa Zebaki Duniani, ulioanza mwaka 2002 katika nchi sita chini ya UNIDO, ulikichagua kijiji hiki. Wachimbaji walifundishwa kutumia vyombo vya kunasa mvuke wa zebaki, vikiwemo vinavyoweza kuundwa kwa vipande vya mabomba ya maji. Mtambo wa jua nao hutaka fundi wa karibu: ombi litaje nani atasafisha kioo, nani ataziba bomba linalovuja, na kwa fedha ipi.

Kazi ya darasa

Wanafunzi wapime kuni zinazotumika kupasha maji kwa wiki moja, idadi ya lita, na joto la maji kabla na baada ya kupashwa. Kutokana na vipimo hivyo wakokotoe asilimia ya joto iliyoingia majini. Jedwali hilo liambatishwe kwenye ombi la shule, maana mtoa ruzuku yeyote atauliza kwanza ni kuni kiasi gani zitaokolewa.