Mtungi Uliovikwa Majivu

1. Majivu ya mekoni

Watoto, kila asubuhi mama au dada anaondoa majivu mekoni. Mengine anayatupa shambani, mengine anasugulia sufuria. Nani kati yenu amefikiri kwamba majivu yale yanaweza kugeuka kioo? Walakini ni kweli. Huko Japani, mbali sana upande wa mashariki, wako wafinyanzi ambao tangu miaka zaidi ya elfu moja wanavika mitungi yao kioo cha majivu. Tena wako watu wanaotafuta mitungi hiyo ya kale, wanainunua kwa fedha nyingi na kuitunza kama hazina.

Leo tutajifunza mambo mawili. Kwanza, mitungi hiyo inafanywaje? Pili, mtu anayeikusanya imempasa kujua nini, asije akadanganyika?

2. Tanuru la mlimani

Kwetu mama wafinyanzi wanapanga vyungu juu ya ardhi, wanavifunika kwa nyasi na kuni, kisha wanawasha moto. Baada ya saa chache kazi imekwisha. Moto huo unatosha kuufanya udongo uwe mgumu, lakini mara nyingi haufiki digri 1,000. (Kumbukeni kwamba maji yanachemka kwa digri 100.) Vyungu hivyo ni vizuri kwa kupikia. Tena maji ya mtungi wa namna hiyo ni baridi, kwa sababu yanapenya udongo kidogo kidogo na kukauka nje.

Zamani Wajapani nao walichoma vyungu mahali pa wazi. Lakini katika karne ya 5 mafundi waliotoka Korea waliwafundisha kujenga tanuru la namna nyingine. Walichimba shimo refu kama pango katika mteremko wa kilima. Chini ni mdomo wa kutilia kuni, juu ni tundu la kutokea moshi, katikati ni mahali pa kupanga mitungi. Moto unavutwa toka chini kwenda juu, na joto linafungwa ndani. Tanuru hilo linaitwa anagama, maana yake tanuru la pango. Moto wake unapita digri 1,200.

Kulichoma si kazi ya saa chache. Watu wanatia kuni siku nyingi, usiku na mchana, wakipokezana. Mmoja akilala, mwenzake yuko macho. Huko Bizen hata leo wako wafinyanzi wanaochoma muda wa siku kumi au zaidi. Joto likishuka kwa uvivu wa mtu mmoja, kazi ya miezi mingi inaharibika.

Sasa angalieni vema. Kuni zikiungua, majivu yake yanaruka pamoja na moto, yanaanguka juu ya mabega ya mitungi. Ndani ya udongo kimo kitu kile kile kilichomo katika mchanga, ndicho kinachofanya kioo. Kitu hicho peke yake hakiyeyuki ila kwa moto wa zaidi ya digri 1,600. Lakini majivu yana chokaa, na tena yana chumvi ya namna ya magadi. Hivyo viwili vinakisaidia kuyeyuka mapema. Basi majivu na udongo vinashikana, vinakuwa kioo kizito kama asali, kinachotiririka polepole ubavuni mwa mtungi. Tanuru likipoa, kioo kinaganda pale kilipofika.

Rangi yake inatoka wapi? Katika udongo na majivu mna chuma kidogo. Hewa ikipungua katika tanuru, kioo kinakuwa kijani kama jani. Hewa ikizidi, kinakuwa cha manjano au cha hudhurungi. Hakuna mtu aliyeshika brashi. Moto wenyewe ndio uliopaka.

Wafinyanzi walipoliona jambo hilo, wengine wakaliiga kwa makusudi. Mahali paitwapo Sanage, karibu na mji wa Nagoya, katika karne ya 8 na ya 9 walichanganya majivu na maji, wakapaka vyombo kabla ya kuvichoma. Kwa njia hiyo fundi aliweza kukiweka kioo mahali alipotaka. Lakini mahali pengine pengi waliendelea kuuachia moto kazi hiyo.

3. Mitungi ya walimaji

Miaka mia saba au mia nane iliyopita, vijiji vingi vya Japani vilifanya mitungi mikubwa. Sita vimesifiwa kupita vingine: Seto, Tokoname, Echizen, Shigaraki, Tamba na Bizen. Katika vyote sita kazi hiyo haijakoma hata leo.

Msidhani kwamba mitungi ile ilifanywa kwa ajili ya wafalme. Wengi walioinunua ni walimaji. Waliweka ndani mbegu za kupanda mwaka unaofuata, au nafaka, au maji, au majani ya chai. Mtungi ulikuwa ghala yao. Panya hakuweza kuutoboa, wala unyevu haukuingia. Ukipasuka, mbegu zimeharibika, na njaa iko mlangoni. Kwa hiyo mfinyanzi hakutafuta uzuri, alitafuta nguvu.

Tuchukue mfano wa Shigaraki. Ni bonde katikati ya vilima, karibu na ziwa la Biwa. Ziwa hilo ni kubwa kupita yote ya Japani, ingawa mbele ya Tanganyika yetu ni kama kidimbwi. Udongo wa Shigaraki una chembe nyeupe za mawe. Katika moto chembe hizo zinajitokeza nje, na mtungi mwekundu unaonekana kama umenyunyiziwa punje za mchele. Mfinyanzi hakuuinua mtungi mkubwa mara moja. Alizungusha kamba nene za udongo, akajenga sehemu ya chini, akaiacha ikauke kidogo, kisha akaongeza sehemu nyingine juu yake. Kama angefanya haraka, mtungi wote ungeanguka kwa uzito wake.

4. Watu walioanza kuikusanya

Katika karne ya 15 na ya 16 wakuu na matajiri wa Japani walipenda kukutana kwa kunywa chai. Walitumia vyombo vya fahari vilivyotoka China. Lakini walimu wengine wa chai walianza kuona uzuri katika mitungi ya walimaji. Mmoja ni Murata Juko, aliyekufa mwaka 1502. Mwingine ni Sen no Rikyu (1522–1591), aliyesifiwa kupita wote. Chombo kilichotoka shambani kikaingia katika chumba cha wageni, kikitiwa maji ya chai au ua moja tu.

Hata hivyo Murata Juko aliwaonya wanafunzi wake. Aliona kwamba watu wasiojua kitu walianza kushika vyombo vya Bizen na vya Shigaraki, wakijifanya wenye akili kuu. Aliwaambia kwamba hiyo ni kosa: mtu ajifunze kwanza, ndipo asifu.

Watu wa chai walipenda hasa tone la kioo cha kijani lililoganda ubavuni mwa mtungi. Wanaliita bidoro. Neno hilo si la Kijapani. Ni neno vidro la Wareno, maana yake kioo. Wareno walifika Japani mwaka 1543. Ndio wale wale waliopita pwani ya Afrika na kuacha katika Kiswahili maneno kama meza na bendera. Hivyo neno huzunguka dunia pamoja na mabaharia.

Baadaye walikuja wageni. Mwaka 1877 mwalimu mmoja wa Marekani, Edward Sylvester Morse, alifika Japani. Kazi yake ilikuwa kuchunguza wanyama wadogo wa bahari wenye magamba, wala si vyungu. Lakini alipoviona vyombo vya wafinyanzi, moyo wake ulivutwa. Je, alinunua ovyo kila kilichong'aa? Hapana. Alimtafuta Mjapani mwenye maarifa, Ninagawa Noritane, akakubali kufundishwa naye. Alipanga vyombo vyake kama alivyozoea kupanga wanyama wake: hiki ni cha jimbo gani, cha tanuru gani, cha mfinyanzi gani. Alikusanya zaidi ya elfu tano. Tangu mwaka 1892 viko katika nyumba ya makumbusho ya Boston, na watu wanakwenda kujifunza huko.

5. Kuusoma mtungi

Mtungi wa kale hauna jina la aliyeufanya, lakini una alama. Mwenye kukusanya anausoma kama ninyi mnavyosoma kitabu.

Anaangalia kwanza mabega. Upande uliofunikwa na kioo ndio ulioelekea moto. Upande mkavu, mwekundu, ulikuwa nyuma. Kama kioo kimelala pande zote sawasawa, anajiuliza: moto gani huu usio na upande?

Kisha anapitisha mkono ndani. Vidole vinakutana na mabonde pale sehemu mbili zilipounganishwa. Anageuza mtungi na kutazama kitako. Anatafuta kovu mahali mtungi wa jirani ulipogusana nao katika tanuru. Katika mitungi mingine ya Shigaraki anaona mabegani mistari iliyokatana kama fito za ua. Pengine anaona alama ndogo iliyochorwa kwa kijiti. Wafinyanzi wengi walichangia tanuru moja, na kila mmoja alitia alama, asije akachukua mtungi wa mwenzake.

Mwisho anauliza: mtungi huu umetoka wapi? Nani alikuwa nao kabla yako? Swali hili ni kubwa. Mtungi ulionyakuliwa usiku katika tanuru la kale umepoteza nusu ya habari zake, maana hakuna ajuaye ulilala na vitu gani. Mwaka 1950 serikali ya Japani iliweka sheria ya kulinda mali za kale.

6. Mtungi uliowadanganya wakuu

Je, mwenye maarifa hadanganyiki? Sikieni habari hii.

Mwaka 1959 serikali ya Japani iliandika mtungi mmoja katika hesabu ya mali kuu za kale. Ulikuwa mtungi wa Seto, wenye kioo cha majivu. Juu yake yalichongwa maneno yanayoonyesha mwaka 1294. Aliyeusifu mbele ya serikali ni Koyama Fujio, mtu aliyejua habari za vyungu kuliko wengi. Ndiye aliyeviita vile vijiji sita tulivyovitaja kwa jina moja, Matanuru Sita ya Kale.

Lakini wengine walinong'ona kwamba mtungi ule si wa kale. Mwaka 1960 Kato Tokuro, mfinyanzi hodari sana wa Seto, alisema: ni mimi niliyeufanya. Wataalamu wakaupima kwa eksirei. Waliona kwamba vitu vilivyomo katika kioo chake havilingani na vile vya mitungi ya kweli ya zamani zile. Mwaka 1961 mtungi uliondolewa katika hesabu. Koyama, mtu wa heshima, aliacha kazi yake ya serikali.

Macho yalidanganyika. Mikono ilidanganyika. Maandishi yalisema uongo. Kioo tu kilisema kweli, kwa sababu kioo kinashika ndani yake udongo na majivu yaliyokifanya, wala hakuna awezaye kuyabadili.

Tena fikirini: mtungi wa Kato ulikuwa mzuri. Kama ungebeba jina lake mwenyewe, ungesifiwa bila aibu. Si udongo wake ulioleta hasara, ni mwaka wa uongo uliochongwa juu yake.

7. Na sisi?

Pengine nyumbani kwenu uko mtungi wa zamani. Nyanya ameuweka pembeni, kwa sababu siku hizi maji yanatiwa katika madumu. Leo jioni mwulize: nani aliyeufinyanga? Udongo ulichimbwa mto gani? Mistari hii ya shingoni inaitwaje? Andika majibu katika daftari yako, bila kuongeza wala kupunguza. Mfinyanzi wa Shigaraki hakuulizwa jina lake, na leo hakuna awezaye kumwuliza. Nyanya yako bado yupo.

Maana ya maneno

Tanuru: mahali pa kuchomea vyungu, matofali au chokaa.
Digri: kipimo cha joto.
Kitako: upande wa chini wa chombo.
Nyumba ya makumbusho: nyumba ya kutunzia na kuonyeshea vitu vya kale.
Eksirei: miali isiyoonekana kwa macho, inayopenya vitu.

Maswali

1. Kwa nini vyungu vyetu, vinavyochomwa juu ya ardhi, havipati kioo cha majivu?
2. Majivu yanausaidiaje udongo kugeuka kioo?
3. Walimaji wa Japani walitunza nini katika mitungi yao?
4. Morse alifanya nini kabla ya kupanga vyombo vyake?
5. Kitu gani kilionyesha kwamba mtungi wa mwaka 1959 haukuwa wa kale?
6. Chora mtungi mmoja wa nyumbani kwenu. Andika chini yake umetoka wapi na nani aliyeufanya.