Sura ya Nne: Watazamaji si Walipaji

Vijana wengi wa Kasongo na Kabambare wanaoweka nyimbo na vichekesho mtandaoni wanaamini kwamba video ikitazamwa mara laki moja, utajiri umeshafika. Haujafika. Pesa ya matangazo hutoka kwa mfanyabiashara anayetafuta mnunuzi, na mtazamaji wa Nyangwe ambaye hakuna kampuni inayomtafuta haingizi karibu chochote. YouTube yenyewe, tangu mwaka 2018, inadai wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kumgawia mtu mapato ya matangazo ya video za kawaida. Wakati huo wote kijana anamaliza makuta yake kwa kununua mega.

Nimechoka pia kusikia kwamba aliyefanikiwa ameingia chama cha siri au amekwenda kwa mganga. Ni upuuzi. Mganga hupokea pesa ya msanii, hampelekei. Na zile programu zinazoahidi malipo kwa kubofya picha, mradi utangulize dola zako, ni wizi mtupu.

Njia inayobaki ni hadhira kumlipa msanii moja kwa moja. Mwanamuziki wa Marekani, Jack Conte, alianzisha Patreon pamoja na Sam Yam mwaka 2013, baada ya kuona kwamba matangazo hayarudishi gharama za video zake. Kwetu hakuna lazima ya kadi ya benki. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilifika Kongo mwaka 2012, na hapa inapokea dola na franka. Wasikilizaji 100 wakituma dola 1 kila mwezi, hizo ni dola 100 kabla ya makato.

“Lakini huko si kuomba?” Swali hili nimeulizwa mno, na jibu lake liko kwenye taarabu. Huko pwani, mwimbaji akiwa katikati ya ubeti, mwanamke huinuka, hucheza taratibu hadi mbele, kisha humtunza noti. Hasubiri wimbo uishe, kwa sababu anautunza ubeti ule ule uliomgusa, na pengine anataka mpinzani wake aliyekaa upande wa pili auone mkono wake. Noti inasema: maneno haya ni yangu. Ukumbi mzima unajua nani katoa, na kwa neno gani. Hakuna anayemwita mwimbaji yule ombaomba, maana kazi imeshasikika na anayelipa amechagua mwenyewe. Msanii wa mtandaoni anahitaji jambo hilo hilo: mtu aweze kulipa papo hapo, moyo ukiwa bado moto, na jina lake litajwe akipenda.

Akipenda, nasema. Mabanga ya Kinshasa ni jambo jingine. Tajiri mmoja analipa ili jina lake liimbwe, na kesho wimbo hauthubutu kumgusa. Uhuru wa msanii unategemea wingi wa wanaolipa. Akiondoka mmoja kati ya 100, wimbo unaendelea. Akiondoka bwana mkubwa mmoja, bendi inakaa njaa.

Zawadi za TikTok zisikudanganye: mtandao unabaki na karibu nusu. Afadhali namba yako ya simu ionekane ndani ya video yenyewe, pamoja na jina lililosajiliwa, ili ndugu wa Kindu au Bukavu alihakikishe kabla hajatuma.