Afya: Kiinitete kirudishwe mara moja au kigandishwe kwanza? Jibu si moja kwa kila mama

Mume na mke wanaotafuta mtoto kwa kutungisha mimba nje ya mwili hukutana na swali zito: kiinitete kirudishwe tumboni mara moja, au kigandishwe kwanza?

Njia ya kwanza ndiyo ya zamani. Yai la mama hukutanishwa na mbegu ya baba katika maabara, na baada ya siku chache, mara nyingi 3 au 5, kiinitete huwekwa katika mfuko wa uzazi. Mtoto wa kwanza wa kutungishwa nje ya mwili, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, bila kugandishwa.

Katika njia ya pili, kiinitete huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hurudishwa mwezi mwingine, mwili wa mama ukiisha kutulia baada ya sindano za homoni. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo alizaliwa Australia mwaka 1984.

Ipi inafaulu zaidi? Watafiti wa China walizilinganisha. Mwaka 2016 walitoa matokeo ya wanawake 1,508 wenye PCOS, ugonjwa wa homoni unaovuruga kukomaa kwa mayai. Waliogandishiwa viinitete walijifungua kwa asilimia 49.3, wengine asilimia 42. Ovari kuvimba kwa sababu ya dawa, jambo linaloweza kuhatarisha maisha, kulishuka kutoka asilimia 7.1 hadi 1.3. Lakini presha ya hatari ya mimba ilipanda kutoka asilimia 1.4 hadi 4.4.

Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya wanawake 2,157 wasio na PCOS. Waliogandishiwa walijifungua kwa asilimia 48.7, wengine asilimia 50.2. Kitaalamu, hakuna tofauti.

Maana yake, kugandisha kunawafaa zaidi wenye PCOS, au wale ambao ovari zao ziko katika hatari ya kuvimba. Kwa mama asiye na tatizo hilo, kunaongeza muda wa kungoja na gharama, bila kumwongezea nafasi ya kupata mtoto.

Kabla ya kulipa, muulizeni daktari: kwa nini njia hii kwa mama huyu? Na presha yake itafuatiliwa namna gani mimba ikishika?