Je, Wajua? Mifugo Inayohamia Kwako Yenyewe

Msomaji, sogea hapa karibu. Unatafuta biashara ya kuanza na mtaji wako ni kiduchu? Leo ni zamu ya nyuki na asali yao, na mambo yao ni ya kushika mdomo!

Je, wajua kwamba huku kwetu mfugaji wa nyuki hana haja ya kununua mifugo? Anapaka nta kidogo ndani ya mzinga mtupu, anautundika mtini, anakwenda zake. Kundi la nyuki linapita, linanusa, linahamia. Wenzetu wa Marekani hununua nyuki kwa uzito, pakiti ya kilo moja na ushei yenye nyuki wapatao 10,000. Wewe wanakujia bure!

Na wajua mahali palipowekwa mizinga panaitwaje? Manzuki! Tanzania ina chuo cha ufugaji nyuki, kipo Tabora, katikati ya nchi ya miombo. Ndiyo, unaingia darasani kusomea nyuki na unatoka na cheti.

Haya, kisia: kijiko kimoja cha chai cha asali ni kazi ya nyuki wangapi? Kumi na wawili, tena ya maisha yao yote! Msimu wa maua nyuki kibarua huishi wiki sita hivi, na jasho lake lote ni sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko hicho. Siku tone likidondoka mezani, usilifute. Lilambe!

Nusu kilo je? Hapo nyuki huzuru maua yapatayo milioni 2, na safari zao zikijumlishwa zinakaribia kilomita 90,000. Kuizunguka dunia nzima ni kilomita 40,000 tu.

Wajua kwamba malkia na kibarua hutoka kwenye yai la aina ileile? Tofauti ni chakula: anayelishwa maziwa ya nyuki mfululizo anakuwa malkia. Akishakomaa anaweza kutaga mayai 1,500 kwa siku, yaani yai moja kila dakika, usiku na mchana!

Na dume? Dume hana baba, lakini ana babu! Anatokana na yai ambalo halikurutubishwa, basi ana mama peke yake. Mama huyo ndiye mwenye baba. Tena dume hana mwiba, kwa hiyo usimkimbie.

Ulikula ndizi mbivu asubuhi? Usiende kwenye mizinga! Nyuki akichoma hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na kemikali iliyomo ndiyo ileile inayonukia kwenye ndizi mbivu. Wewe umeshiba kifungua kinywa, wao wanasikia wito wa vita.

Na ule moshi wa mrina asali, wajua unafanya nini? Unafunika harufu hiyo ya hatari, kisha unawafanya nyuki wakimbilie kunywa asali wakidhani moto unakuja. Nyuki aliyeshiba ana upole wake.

Unarina usiku? Chukua tochi yenye mwanga mwekundu. Nyuki ana macho matano, lakini rangi nyekundu haioni!

Umeona mizinga inaning'inia kwenye waya ukadhani ni mapambo? Hapo nyegere amefungiwa mlango. Paka na grisi kwenye waya, sisimizi nao watageukia njiani.

Sasa fungua masikio, hapa ndipo penye fedha. Lita moja ya asali si kilo moja, ni kilo 1.4 hivi! Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa karibu kilo 28. Anayekuja kununua kwa ndoo huku akikulipa bei ya kilo 20 anaondoka na kilo 8 zako bure. Nunua mizani, ndugu yangu!

Wajua kwamba asali huanza ikiwa majimaji kama chai ya sukari? Nenda mlangoni mwa mzinga jioni, utaona nyuki wamejipanga wakipepea mabawa palepale waliposimama. Wanakausha! Asali ikiiva wanaifunika kwa nta, na viwango vya kimataifa vinataka maji yasizidi asilimia 20. Basi rina masega yaliyofunikwa tu, la sivyo itachachia dukani.

Mteja analalamika kwamba asali imeganda, eti umetia sukari? Mtulize. Asali halisi huganda, ndiyo tabia yake. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itarudi kutiririka.

Umeshakamua, unataka kutupa masega? Weee! Nyuki hutumia kilo 6 hadi 8 za asali kutengeneza kilo moja ya nta. Iyeyushe taratibu kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya maji ya moto, inayeyuka kwenye nyuzi 63 hivi. Wachapa batiki na watengeneza mishumaa na mafuta ya kujipaka wanaitafuta.

Wajua kuna ndege anayefanya kazi na warina asali? Anaitwa mlembe! Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi humpigia mbinja, naye huwaongoza mti hadi mti mpaka kwenye nyuki. Watu wanachukua asali, ndege anakula nta.

Tembo je? Yule mwenye tani 5 anamkimbia nyuki! Kando ya Tsavo, Kenya, wakulima wamezungushia mashamba yao ua wa mizinga iliyounganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, tembo anageuza. Mahindi yanapona na asali inauzwa.

Na nyuki wetu ni wasafiri! Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka, na kufikia 1990 uzao wao ulikuwa umeingia Texas, Marekani. Bila pasipoti!

Moja la kuandika kwenye lebo yako: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kuonja. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi.

Na moja la kukumbuka porini: mzinga wa gome huua mti, kwa sababu mti uliochunwa gome pande zote hukauka. Mti huohuo ndio uliokuwa ukiwapa nyuki maua! Chagua mzinga wa mbao.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Wewe una bahati zaidi: nyuki ndio watakaokufuata. Tafuta mzinga mmoja, upake nta, uutundike kabla maua ya msimu huu hayajachanua.