Mlezi Anayefundwa Kazini: Uanagenzi wa Malezi ya Awali na Dhima ya Mhudumu wa Afya katika Nyanda za Kati

Ratiba ya chanjo humleta mtoto wa Kitanzania kliniki anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, 10 na 14, na baadaye akiwa na miezi 9 na 18. Baada ya hapo hakuna sindano ya kawaida inayomwita tena kabla ya kuanza shule. Upimaji wa uzito unapaswa kuendelea hadi mtoto atimize miaka mitano, lakini wazazi wengi hukoma kwenda kliniki mara chanjo ya mwisho inapotolewa. Kati ya umri huo na darasa la kwanza kuna miaka mitano hivi ambamo mtoto anaweza kupoteza usikivu, kudhoofika kwa utapiamlo au kuchelewa kusema bila mtaalamu yeyote kumwona. Katika miaka hiyo, mtu mzima anayemtazama kila siku nje ya familia yake ni mlezi wa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, au mwalimu wa darasa la awali. Makala haya yanaeleza jinsi mlezi huyo anavyoweza kufundwa akiwa kazini, na kwa nini mhudumu wa afya anapaswa kuwa mmoja wa wakufunzi wake.

Maana ya uanagenzi katika malezi

Uanagenzi ni kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya mjuzi. Fundi seremala, fundi cherehani na mwashi wamefundishana hivyo tangu zamani. Mafunzo ya uanagenzi katika malezi hufuata hatua zile zile tatu. Kwanza mwanagenzi hutazama: jinsi mlezi mkongwe anavyompokea mtoto anayelia asubuhi, anavyoinama hadi macho yao yalingane, anavyotaja jina lake. Pili, hutenda akisimamiwa: huongoza mchezo, hulisha, huogesha, na mwisho wa siku huzungumza na msimamizi wake juu ya yaliyokwenda vizuri na yaliyokwenda kombo. Tatu, hupewa kundi dogo la watoto alisimamie mwenyewe, kisha hupimwa. Sambamba na hayo huhudhuria masomo ya nadharia, maana mazoea pekee hurithisha makosa pamoja na maarifa. Mlezi aliyefundishwa na mwenzake kumnyamazisha mtoto kwa kofi atamfundisha hivyo hivyo anayemfuata.

Nchi yetu ina mwongozo wa mambo ya kufundishwa. Mwezi Desemba mwaka 2021 Serikali ilizindua jijini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayowahusu watoto wenye umri wa kuanzia sifuri hadi miaka minane. Programu hiyo imejengwa juu ya nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, pamoja na ulinzi na usalama. Nguzo mbili za mwanzo zinaihusu sekta ya afya moja kwa moja. Mlezi asiyezijua anajua sehemu tu ya kazi yake.

Funzo kutoka Dodoma

Mkoa wa Dodoma ulikwisha kuonja namna ya mafunzo haya. Kati ya mwaka 2014 na 2020, mpango wa kuinua ubora wa elimu uliojulikana kama EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, ulitekelezwa katika mikoa kadhaa, Dodoma ikiwamo. Mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwaandaa watoto waliokosa elimu ya awali ili waanze darasa la kwanza wakiwa tayari. Waliofundisha hawakuwa walimu wenye vyeti. Walikuwa wanajamii waliochaguliwa vijijini mwao, wakapewa mafunzo mafupi, kisha wakaendelea kujifunza kwa kutenda huku wakisaidiwa na walimu wa shule za jirani. Hadithi, nyimbo na michezo ndizo zilizokuwa msingi wa vipindi.

Jambo moja linastahili kuangaliwa. Watoto wengi wa vijijini katika nyanda za kati hukua wakizungumza Kigogo, Kirangi au Kinyaturu nyumbani, na hukutana na Kiswahili shuleni. Mlezi aliyetoka katika jamii hiyo hiyo humwelewa mtoto kwa lugha ya mama yake, ndipo akamvusha kwenda kwenye Kiswahili. Hili lina maana ya kitabibu pia: mtu asiyejua lugha ya nyumbani anaweza kumdhania mtoto mzima kuwa amechelewa kusema, au kinyume chake, akadhani ukimya wa mtoto kiziwi ni ugeni wa lugha tu.

Stadi za afya ambazo mwanagenzi hana budi kuzijua

Ya kwanza ni usafi wa uso. Wilaya ya Kongwa inafahamika katika tiba ya macho duniani kwa sababu ya utafiti wa trakoma, ugonjwa ambao wengi huuita vikope. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1995, vijiji sita vilipewa dawa ya macho, na vitatu kati yake viliongezewa kampeni ya kuosha nyuso za watoto. Katika vijiji vilivyopata kampeni, trakoma kali ilipungua zaidi. Katika eneo lenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, akina mama huona maji ni machache mno kwa kazi hiyo. Lakini uso wa mtoto huoshwa kwa maji kidogo sana, na mwanagenzi anapofanya hivyo kila asubuhi kituoni hufundisha watoto na wazazi kwa pamoja.

Ya pili ni chakula. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Uji wa kituoni unaweza kusaidia, lakini unaweza pia kudhuru. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mwanagenzi hujifunza kuchambua mahindi na karanga, kutupa punje zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi, na kuhifadhi nafaka iliyokauka vizuri mahali pasipo na unyevu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Ya tatu ni kuzuia kupaliwa. Mbegu za ubuyu na karanga nzima hupatikana kila mahali Dodoma, nazo huziba njia ya hewa ya mtoto mdogo kwa urahisi. Karanga zisagwe, mbegu za kuhesabia zitumiwe na watoto wakubwa tu, mlezi akiwapo. Mtoto aliyepaliwa akashindwa kukohoa, kulia au kusema apigwe makofi matano ya nguvu mgongoni, katikati ya mabega, akiwa ameinamishwa. Isiposaidia, mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja abanwe tumbo juu ya kitovu mara tano. Aliye chini ya mwaka abonyezwe kifua mara tano. Hatua hizi zirudiwe kwa zamu huku msaada ukiitwa. Stadi hii haipatikani kwa kusoma peke yake. Ni lazima mhudumu wa afya aioneshe kwa mwanasesere, na mwanagenzi airudie mbele yake.

Ya nne ni kutambua dalili za hatari. Mtoto anayeshindwa kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na kupoteza fahamu apelekwe kituo cha afya mara moja, bila kumngoja mzazi atoke kazini. Mzazi apewe taarifa safari ikiwa imeanza. Vivyo hivyo kwa mtoto anayepumua kwa shida au kwa haraka isiyo ya kawaida. Kwa lishe, utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu hutumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni utapiamlo wa kadiri. Wote wawili wapelekwe zahanati.

Ya tano ni kufuatilia makuzi. Mtoto asiyegeuka anapoitwa, asiyetembea akiwa na miezi 18, au asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, anahitaji kupimwa. Mwanagenzi hatoi utambuzi wa ugonjwa. Kazi yake ni kuandika alichokiona, tarehe na mazingira yake, kisha kumweleza mzazi kwa faragha na kwa staha, bila kutaja majina ya maradhi asiyoyajua.

Mipaka ya mwanagenzi

Mwanagenzi si mtumishi wa bei nafuu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake zinataka vituo vya kulelea watoto mchana viandikishwe, na kituo kilichoandikishwa ndicho mahali panapofaa kujifunzia. Mwanagenzi asiachiwe watoto peke yake kabla ya kupimwa, asitoe dawa pasipo maelekezo ya mtaalamu na idhini ya mzazi, na asimwadhibu mtoto kwa kumpiga. Akiona dalili za ukatili, amjulishe msimamizi wake na afisa ustawi wa jamii.

Wito kwa wahudumu na wazazi

Mhudumu wa zahanati anaweza kuanza na mambo matatu: kukitembelea kituo kilicho jirani mara moja kwa mwezi, kumkaribisha mwanagenzi kliniki siku ya kupima watoto ili ajifunze kusoma kadi, na kumrudishia mlezi majibu, kwa ridhaa ya mzazi, kuhusu mtoto aliyepewa rufaa. Mlezi asiyepata majibu huacha kuleta watoto.

Mzazi naye aulize kabla ya kumwacha mtoto: Je, kituo kimeandikishwa? Nani anamsimamia mlezi anayejifunza? Je, wamewahi kuoneshwa jinsi ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa? Mgonjwa anayekwenda kliniki ya kifua kikuu au anayelazwa, akalazimika kumwacha mwanawe kituoni, ana haki ya kupata majibu hayo hayo, na mhudumu anayemtibu anaweza kumsaidia kuyatafuta. Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kituoni ni mlezi anayelea kwa niaba ya mzazi, na namna alivyofundwa huonekana katika mwili na akili ya mtoto.