Kutoka Pampasi hadi Nepi za Kitambaa

Jumatatu moja ya Aprili 2024, mama kijana alifika katika kliniki yetu ya watoto akiwa na binti yake wa miezi mitano. Alipomfungua nepi, mtoto alilia kile kilio ambacho sisi wauguzi tunakijua. Makalio yalikuwa mekundu na yamechubuka, na kwenye mikunjo ya mapaja kulikuwa na vipele vidogo vilivyosambaa. Nilimwuliza mtoto alivishwa nepi ile lini. Akainamisha kichwa.

"Tangu jana jioni, mama. Zimebaki nne tu, na baba yake hajapata mshahara."

Mama huyu si mzembe, wala si wa kwanza. Wako wengi katika parokia zetu wanaoona aibu kurudi kwenye nepi za kitambaa, kana kwamba ni kutangaza umaskini. Lakini tupige hesabu. Mtoto akibadilishwa mara 6 tu kwa siku, kwa mwezi atamaliza pampasi 180. Zidisha kwa bei ya duka la mtaani kwako, kisha tazama mfuko wa baba. Fedha zinapopungua familia haiachi kununua, bali huanza kuchelewa kubadilisha. Hapo ndipo ugonjwa unapoingia.

Yafaa ieleweke kwamba pampasi yenyewe si sumu. Ndani yake mna chembechembe, zilizoanza kutumika kwenye nepi miaka ya 1980, ambazo zikinywa mkojo hugeuka kuwa kama uji mzito. Kwa hiyo juu panabaki pakavu na mama hudhani mtoto yuko salama. Choo hakinywewi hivyo. Hubaki kimegusana na ngozi, na kikichanganyika na mkojo huila ngozi ile laini kama sabuni kali. Joto na unyevu vikiongezeka, fangasi nao hupata makao. Nepi ya kitambaa haina siri. Ikilowa, mtoto huhisi, hulia, na khanga ya mama nayo hulowa. Mama aliyezoea pampasi huona hiyo ni kasoro, kumbe ndiyo faida yake kubwa.

Lakini nisiwafiche. Ukihamia kwenye kitambaa ukiwa bado na mazoea ya kubadilisha mara tatu kwa siku, mtoto ataumia kuliko mwanzo. Kitambaa hubadilishwa kila kinapolowa, na mara moja mtoto akienda choo kikubwa. Mama asiyekuwa tayari kwa kazi hiyo, au asiye na mtu wa kumsaidia, ni afadhali ajue mapema.

Mtoto mchanga huhitaji nepi zipatazo 24, ili nyingine ziwe kwenye kamba wakati nyingine ziko mwilini. Si lazima kununua. Khanga kuukuu, shuka la pamba lililolainika au shati la baba lililochakaa hufaa sana, mradi liwe pamba tupu. Kata vipande vya mraba vya kama sentimeta 60 kila upande, pinda kingo zisichanike, kisha fua kabla ya kutumia. Kitambaa kipya cha dukani kifuliwe mara mbili au tatu, maana kina wanga unaozuia kunywa maji. Wakati wa kufunga pini, weka vidole vyako kati ya pini na ngozi ya mtoto. Akichomwa mtu, awe wewe. Kwa mtoto ambaye kitovu hakijadondoka, kunja nepi ipite chini ya kitovu ili kibaki kikavu. Ile kaptula ya plastiki ya kuvalisha juu iwe ya safari fupi tu, kwa sababu inafungia joto ndani.

Wala usihame kwa siku moja. Anza mchana ukiwa nyumbani, wiki moja hivi, ndipo uingie usiku. Ukisafiri kwa basi, au ukienda Misa ya ubatizo ambayo wote tunajua urefu wake, tumia pampasi ukipenda. Sioni dhambi.

Sasa kufua, ambako ndiko wengi hushindwa. Kuna imani ya zamani kwamba choo cha mtoto mchanga ni kisafi, hakina madhara. Si kweli. Kinabeba vijidudu vya kuharisha kama cha mtu mzima, tena mtoto huyo ana kaka na dada wanaocheza pale pale anapofuliwa. Kwanza kung'uta choo chooni, si uani wala kando ya bomba. Suuza kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha doa. Kisha fua kwa sabuni ya mche na maji ya moto. Kama mtoto anaharisha au ana fangasi, chemsha nepi kwa dakika 10 kwenye sufuria ambayo haitumiki kwa chakula. Suuza mara tatu, mpaka maji yawe hayana povu, maana sabuni iliyobaki kwenye kitambaa huchoma ngozi sawa na mkojo. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chungu au titi. Ndoo ya kulowekea iwe na kifuniko kinachobana na iwekwe mahali pa juu. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama katika maji ya ndoo moja.

Anika kwenye kamba, juani, si kwenye majani wala kivulini. Yuko nzi mmoja wa rangi ya manjano na kahawia anayependa harufu ya mkojo, naye hutaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi. Mayai yakianguliwa, funza huingia kwenye ngozi ya mtoto na kufanya jipu ambalo huwatisha wazazi wakiliona linachezacheza. Pasi ya moto, pande zote mbili na kwenye pindo, huua mayai hayo. Wakati wa masika, nguo zinapokaukia ndani, pasi ni ya lazima. Msidhani mama zetu walipiga nepi pasi kwa urembo.

Jambo lingine linaniogopesha kuliko funza. Nepi nyingi za kitambaa hazitoki dukani, zinatoka kwenye sanduku la bibi, zilikotunzwa tangu mjukuu wa mwisho. Na ndani ya sanduku bibi ameweka vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende, vyenye harufu kali, viitwavyo naftalini. Mvuke wake hukaa kwenye kitambaa, na mtoto huuvuta kwa pua na kupitia ngozi. Watoto wengine, hasa wa kiume, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Ni urithi wa ukoo, nao ni wa kawaida katika sehemu zenye malaria. Kwa watoto hao naftalini huvunjavunja chembe nyekundu za damu. Mtoto hupauka, macho na ngozi huwa manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Katika siku za kwanza za maisha umanjano huo ukizidi hufika kwenye ubongo, na anayepona anaweza kubaki kiziwi au asiyeweza kutembea.

Kwa macho huwezi kumtambua mtoto mwenye upungufu huo. Kwa hiyo, bibi zetu wapendwa, vidonge hivyo visikae kabisa pamoja na nguo za mtoto. Hifadhini nepi zikiwa safi na kavu kabisa, ndani ya mfuko uliofungwa au debe lenye kifuniko. Zile zilizokwisha kukaa navyo zichemshwe, zifuliwe, zianikwe juani siku kadhaa. Harufu ikibaki hata kidogo, zifanyeni matambara ya kudekia. Na mtoto mwenye macho ya manjano aletwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe aanikwe jua la asubuhi kwa wiki nzima.

Neno kwa akina baba. Ndoo za maji ya nepi za siku moja si haba, na mama aliyejifungua juzi hapaswi kuzichota peke yake. Mwinjili Luka anataja nguo za kitoto alizovikwa Yesu lakini hasemi nani alizifua. Mimi binafsi naamini kwamba Mtakatifu Yosefu alichota maji.

Kuna njia ya kupunguza nepi zenyewe. Mwaka 1977 jarida la kitabibu la Marekani liitwalo Pediatrics lilichapisha maelezo kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya. Akina mama wa Kidigo walianza kumshikisha mtoto haja katika wiki zake za kwanza, mama ameketi chini, mtoto kati ya miguu yake, huku akimtolea sauti ya "shuu". Wengi wa watoto hao walikuwa wakavu mchana na usiku kabla ya kutimiza nusu mwaka. Bibi wengi wa huku kwetu pia wanaijua kazi hiyo. Waulizeni kabla hawajaondoka.

Yule mtoto wa Aprili tulimwosha kwa maji ya vuguvugu, tukamkausha bila kusugua, tukampa krimu ya klotrimazole kwa sababu ya fangasi mikunjoni. Mama aliambiwa amwache bila nepi muda kidogo mara kadhaa kwa siku, juu ya khanga, na asimpake poda, wala zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi zinazouzwa bila cheti. Baada ya siku 10 walirudi, ngozi imefunga. Baba yake ndiye aliyembeba. Alitaka kujua kama kamba aliyoifunga chini ya mwembe inafaa. Nikamwambia aihamishie juani.