ASKOFU ALIYESHIKA JEMBE, NA MIMI NILIYELIKWEPA

Leo naomba kuongea na vijana wenzangu wa hapa Rubwera na Karagwe kwa ujumla, sisi tuliomaliza shule, cheti kiko kwenye bahasha, na jembe tunaliona kama adhabu. Nianze na aibu yangu mwenyewe, manake bila hiyo nisingeandika.

Juzijuzi jumuiya yetu ilipanga kazi kwa bibi mmoja mjane. Migomba yake imepigwa na mnyauko. Tangazo likatolewa: kila kaya itoe mtu mmoja na jembe, Jumamosi asubuhi. Mama akanitazama bila kusema kitu. Mi nikadai nina kazi ya mtu mjini, kuna barua natakiwa kuchapa. Uongo mtupu. Nilikuwa na raba mpya nyeupe na sikutaka watu wanione natifua udongo na Form Four yangu.

Sasa njia ya kwenda mjini inapita pale pale kwa bibi. Nikapita haraka, bibi akaniona. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akajibu, "Marahaba mjukuu wangu. Mama yako kaniambia una kazi mjini. Pole na kazi, Mungu akubariki." Jamani! Mwenye shamba linalokufa ananipa pole mimi. Ningetukanwa ningejisikia nafuu.

Kwa wasiojua mnyauko, ngoja nieleze kidogo. Ugonjwa huu wa migomba uliingia Kagera katikati ya miaka ya 2000. Unaletwa na bakteria. Wadudu wanaubeba kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi mwingine, na sisi wenyewe tunaubeba kwenye panga. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata ndani unakuta rangi ya kutu, na shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Hakuna dawa ya kupuliza ukapona. Unang'oa shina zima pamoja na machipukizi yake, ua dume unalivunja kwa mti wenye panda bila kutumia panga, na panga lenyewe unalipitisha kwenye moto au unaliosha kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kung'oa shina moja la zamani ni kazi ya wanaume wawili kutoka jasho. Sasa bibi wa miaka sabini na kitu, mashina arobaini, atafanyaje peke yake? Na akiyaacha, majirani wote wanafuata. Kwa hiyo tusijisifu sana kwamba ni upendo mtupu. Kumsaidia bibi ni kuokoa na kibanja chako.

Siku ile nilifika mjini, nikakaa saa nzima bila kufanya chochote cha maana, halafu nikarudi. Nitawaambia baadaye.

Kilichonifanya nifikiri ni jina moja ambalo wazee wa huku wanalitaja mara kwa mara: Askofu Christopher Mwoleka. Vijana wengi hatumjui. Alizaliwa mwaka 1927, akateuliwa kuwa askofu wa Rulenge mwaka 1969, akastaafu 1996, akafariki 2002. Wakati wake Karagwe yote, na hii Kyerwa ambayo ilikuwa bado haijawa wilaya, ilikuwa ndani ya jimbo la Rulenge. Jimbo letu la Kayanga lilizaliwa 2008 tu, na wilaya ya Kyerwa ikafuata 2012. Kwa hiyo babu na bibi zetu Wakatoliki walikuwa kondoo wake.

Mwaka 1967 lilitoka Azimio la Arusha. Mwalimu Nyerere akawaita watu wakae pamoja vijijini, walime pamoja, wagawane. Viongozi wa dini wengine waliangalia kwa wasiwasi, wakiogopa kwamba huu ni ukomunisti umevaa shati la kijani. Mwoleka yeye alifanya kitu ambacho hadi leo kinanishangaza. Alikwenda kuishi katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akawa anashika jembe na wanakijiji. Askofu! Mtu ambaye kwa desturi akifika kigangoni watu wanapanga mstari, vigelegele, na kuku bora wa mji anachinjwa.

Ukimwuliza kijana wa kawaida unyenyekevu ni nini atakwambia ni kuongea taratibu, kuinamisha kichwa, kumwachia mkubwa kiti. Na mimi nilijua hivyo. Mbele ya paroko nilikuwa mnyenyekevu kuliko wote, sauti ndogo kama mgonjwa. Lakini hivyo ni vitu vya shingo na sauti, havikugharimu chochote. Mwoleka alitoa mgongo wake na siku zake.

Na hakufanya hivyo kwa sababu ya siasa tu. Alikuwa na hoja ya imani, na hapa ndipo naomba msome polepole. Si unajua katekisimu ya kipaimara, Mungu mmoja katika nafsi tatu? Sote tulikariri, na wote tulikwama kwenye hesabu: moja jumlisha moja jumlisha moja inakuwaje moja? Mwoleka aliandika kwamba tunakosea kuufanya Utatu Mtakatifu kitendawili cha kutegua. Kwa maoni yake Mungu alituonyesha jinsi anavyoishi ili tuige. Na anaishije? Baba, Mwana na Roho hawana cha kwangu na cha kwako, wanashirikishana kila kitu, uhai wenyewe. Basi, akasema, watu wanaoshirikishana kazi na chakula kijijini wanauiga Utatu kwa mikono, hata kama hawajui kuueleza. Maandishi yake hayo yalisomwa mbali, hata nje ya Afrika, na mwaka 1976 yalitoka kwenye kitabu kilichochapwa na Gaba kuhusu ujamaa na jumuiya za Kikristo.

Mimi binafsi niliposoma hoja hii nilikaa kimya. Miaka yote nimefanya ishara ya msalaba bila kujua kwamba naitaja kazi ya kufanya.

Sasa msinielewe vibaya, sitaki kuwauzia ujamaa. Tunajua yaliyotokea. Kati ya 1973 na 1976 watu walihamishwa kwa nguvu, wengine nyumba zao zikabomolewa, na mashamba ya pamoja yakaota majani kwa sababu kila mtu alimtegea mwenzake. Hapo ndipo naona tofauti. Kushirikishana kwa amri kulizaa uvivu na chuki. Askofu yeye hakuwa mkuu wa wilaya, alianza na mwili wake mwenyewe. Lakini hata vijiji vyenye nia njema havikudumu, na huo ndio ukweli.

Kilichobaki ni jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua mwaka 1973, na wakarudia kwa mkazo 1976, kwamba Kanisa lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo za majirani. Haikuwa kazi ya mtu mmoja, ila Mwoleka alikuwa miongoni mwa waliokuwa wanaliishi jambo hilo. Ndiyo maana leo hapa mtaani kaya chache zinakutana kila wiki, nyumba hadi nyumba, wanasoma Injili, halafu linakuja swali ambalo vijana tunalikimbia: nani anaumwa, nani kafiwa, nani shamba limemshinda?

Wenzangu Walutheri na Waanglikana msije mkasema nimewasahau. Ninyi mna urithi mwingine wa unyenyekevu, na kwa kweli unaniogopesha zaidi ya jembe. Miaka ya 1930 uamsho ulianzia Gahini, Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera tu, ukaenea Uganda na kuingia Buhaya na Karagwe. Waliitwa balokole, waliookoka, na neno walokole tunalolitumia leo limetoka huko. Walokole wale wa kwanza walikuwa wanasimama mbele za watu na kutaja dhambi zao, na aliyeiba alirudisha alichoiba kwa mwenyewe. Fikiria unabisha hodi kwa mtu kumrudishia jembe uliloiba miaka mitano iliyopita! Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani mwaka 1977, alitoka katika uamsho huo huo. Mtu akishazoea kusema "nilikosea" kwa jirani yake, hata akifika Geneva hapotezi kitu.

Hapo ndipo naona njia hizi mbili zinakutana. Mmoja anashuka kwa jembe, mwingine kwa kuomba radhi. Mi zote mbili zilinishinda siku moja.

Haya, nirudi kwa bibi. Nilifika kama saa tisa. Raba nilizivua nikaziacha nyumbani, nikavaa ndala za mdogo wangu. Watu walikuwa wamekaa chini ya mti wanakunywa uji, kazi karibu imekwisha, yalibaki mashina matatu upande wa bondeni. Katekista hakuniuliza kitu, alinipa tu jembe lake, mpini bado una joto. Shina la kwanza lilinitoa malengelenge. La pili nilisaidiwa na dada mmoja ambaye ana mtoto mgongoni, na alikuwa na nguvu kuliko mimi, nawaambia ukweli.

Tulipomaliza nilimwendea bibi pembeni. Nikamwambia, "Bibi, ile kazi ya mjini haikuwepo." Akacheka hadi akashika mbavu. Akasema alijua, manake hata marehemu mume wake alikuwa na kazi za mjini kila siku ya kupalilia.

Akanipa ndizi mbivu mbili, za ule mgomba mmoja uliopona karibu na jiko. Nilitaka kukataa, nikaona kukataa nako ni kiburi, nikala pale pale amesimama.

Jumuiya wiki hii iko kwetu. Mama ameshanituma nikaazime mabenchi kwa jirani, na bibi amesema atakuja mapema kunisimamia nisije nikapata barua ya kuchapa.